Ngoma, ngonjera na maigizo ya jadi viingie darasani, visiishie kwa mgeni rasmi

Mwalimu wa Bahi (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Katika shule nyingi za msingi za mkoa wetu wa Dodoma, sanaa za jadi zina kazi moja inayojulikana. Mgeni rasmi anapotarajiwa, ngoma hutolewa stoo, watoto huvalishwa, ngonjera iliyokaririwa kwa wiki kadhaa husemwa mbele ya meza kuu, makofi hupigwa, kisha ngoma hurudishwa stoo na watoto hurudi darasani kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Hoja yangu ni kwamba tumechukua mavazi ya sanaa hizi tukaacha mpangilio wake, ilhali kinachofundisha ni mpangilio huo: kuitikiana, kubishana kwa zamu, kurudia jambo huku likibadilishwa kidogo, na hadhira kuwa na haki ya kuingilia kati.

Sizungumzii kipindi cha sanaa. Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na hilo ni jema, lakini lisiwe kisingizio cha kuifungia ngoma ndani ya kipindi chake. Ninazungumzia Hisabati, Historia, Sayansi na Kiswahili.

Mkoa huu hauna sababu ya kuazima mfano kutoka mbali. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, alikuwa Mgogo wa hapa hapa, na ndiye aliyeipa ngonjera umbo tunalolijua: watu wawili au zaidi wanajibizana kwa beti, mmoja hajui au hakubali, mwingine anaeleza, na mwishoni wanaafikiana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilizoenezwa kupitia UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, zilitumika kueleza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wasomaji wa magazeti. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa siasa ile, lakini kwa upande wa ufundishaji ngonjera ilikuwa na jambo ambalo vitabu vingi vya kiada havina, nalo ni mhusika anayeruhusiwa kutoelewa na kusema waziwazi kwamba hajaelewa. Sisi tumeugeuza ujinga wa mhusika huyo kuwa wa kukariri, kwa kuwa mwalimu hutunga beti zote, na mtoto hulijua jibu kabla hajauliza swali.

Naomba nieleze somo moja kwa kirefu, kwa sababu mijadala ya namna hii huharibika tunapobaki kwenye maneno ya jumla.

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora hadi Ujiji ilipita Ugogo, nchi kavu ambayo maji na chakula vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia wala si rushwa ya leo, kabla ya kuuruhusu msafara kuendelea, na hongo hiyo ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya. Kitambaa kilihesabiwa kwa doti, na doti moja ni mikono 8, kila mkono ukipimwa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliopita 1857, na Stanley aliyepita 1871, walilalamika sana juu ya malipo haya, na mtoto anayeisoma habari hiyo kwa macho ya wageni peke yao huondoka akiamini kwamba babu zake walikuwa wanyang'anyi wa njiani.

Tunatoka nje, chini ya mti. Kundi moja ni msafara, lenye kiongozi, mkalimani na wapagazi. Kundi la pili ni watemi na wazee wao, wenye visima. Waliobaki ni hadhira, ila hadhira yenye kazi: hawaruhusu hesabu yoyote ipite bila kuithibitisha, na wakiitilia shaka wanaanzisha kiitikio ambacho mwisho wake ni swali kwa mwigizaji, naye hawezi kuendelea mpaka alijibu. Msafara unaanza na doti 120. Mtemi wa kwanza anadai robo, wanatoa 30, wanabaki na 90. Mtemi wa pili, mwenye kisima kisichokauka, anadai theluthi ya kilichobaki. Wapagazi wanapiga kelele kwamba huu ni uonevu, kwa sababu theluthi ni kubwa kuliko robo. Wanahesabu, wanakuta ni doti 30 zilezile.

Hapo igizo husimama lenyewe. Mpagazi anataka kujua imekuwaje sehemu kubwa zaidi ikatoa idadi ileile, na mtemi wa pili, aliyekuwa akijitapa kwamba amemshinda mwenzake, naye anataka kujua. Swali la robo ya nini na theluthi ya nini, ambalo huwa tunalieleza ubaoni mpaka chaki inaisha, linakuwa ugomvi wao wenyewe, na kazi yangu hubaki kuwazuia wasilimalize haraka. Baadaye wanageuza doti 30 kuwa mikono 240 na kugawanya mizigo upya. Kipindi cha Historia kinachofuata kinajadili jambo moja tu: je, mtemi aliyetoza malipo ya maji katika nchi ya ukame alikuwa mnyang'anyi, au alikuwa akilinda mali ya watu wake?

Ningependa kusikia kwa walimu wenzangu, wazazi na wataalamu wa mtaala. Ni masomo gani yanakubali njia hii, na ni yapi yanaikataa?

Hisabati Kwanza

Mwalimu, nakupongeza kwa somo la hongo, na nitaliiba bila aibu. Hata hivyo naomba nisimame upande wa wenye mashaka, maana uzi wa pongezi tupu hautatusaidia.

Kwanza, kipindi ni dakika 40. Katika darasa la wanafunzi zaidi ya 90, kuwatoa nje, kuwapanga na kuwarudisha hula karibu nusu ya muda. Pili, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi haumuulizi mtoto kama aliwahi kuwa mtemi. Unampa sehemu mbili azijumlishe. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, nimeona nyimbo na maigizo mengi yanayodaiwa kufundisha Hisabati ambayo hayafundishi chochote. Wapo watoto wanaoimba jedwali la tatu kwa sauti nzuri kabisa, lakini ukimuuliza mmoja wao tatu mara saba ni ngapi, anaanza kuimba kutoka tatu mara moja, kimoyomoyo, huku midomo ikicheza, mpaka aifikie saba. Huyo hajui jedwali, anajua wimbo.

Kwa hiyo swali langu ni hili: unatofautishaje sanaa inayobeba hesabu na sanaa iliyopambwa kwa hesabu?

Mwalimu wa Bahi (mleta uzi)

Mwalimu mwenzangu, swali lako ndilo kiini cha jambo. Kipimo ninachotumia ni rahisi: ondoa hesabu kwenye igizo, kisha uangalie kama igizo linaendelea. Likiendelea bila kutetereka, hesabu ilikuwa pambo. Katika somo la hongo, ukiondoa hesabu hakuna igizo, kwa sababu kinachogombaniwa ni hesabu yenyewe. Wimbo wa jedwali hauvuki kipimo hiki, maana ungeweza kuweka majina ya mito badala ya tarakimu na wimbo usibadilike.

Mfano wa pili ni Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili bila baki. Wanafunzi wengi, ukiwapa 4 na 6, wanazidisha na kuandika 24. Nimekuwa nikilitumia jambo ambalo kila mpiga ngoma wa vijijini kwetu analijua mikononi mwake hata kama hakusoma, yaani mapigo mawili yenye urefu tofauti yanayokwenda pamoja na kukutana mahali fulani. Darasa zima linahesabu kwa sauti kuanzia moja. Upande wa kushoto unapiga kofi kila hesabu ya nne, upande wa kulia unapiga kila hesabu ya sita. Wanapiga nne peke yao, sita peke yao, nane peke yao, kisha kwenye 12 makofi yote yanalia kwa pamoja, na darasa lote linashtuka. Wale walioandika 24 wanasikia kwa masikio yao kwamba kukutana kumetokea kabla ya hapo. Wakiendelea hadi 24, wanakutana tena, na ndipo wanapogundua kwamba jibu lao ni kigawe cha shirika kweli, isipokuwa si kile kidogo.

Jambo hili halihitaji kutoka nje, halihitaji mavazi, na halizidi dakika kumi. Kuhusu wanafunzi 90, makofi ni rafiki wa darasa kubwa; kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo pigo la pamoja linavyosikika vizuri zaidi. Nitakachokubali bila ubishi ni kwamba huwezi kupiga makofi ya 18 na 42, kwa sababu ungesubiri mpaka 126. Pale ndipo kipindi cha njia ya vigawo tasa kinapoanza, na mtoto anaingia akiwa ameshaelewa anachokitafuta.

Mthibiti Ubora Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa utulivu. Nimekagua shule kwa miaka mingi, tangu tulipokuwa tukiitwa wakaguzi mpaka tukabadilishwa jina, na naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza ni kwamba jambo hili si geni kwenye karatasi. Tangu mtaala wa kujenga umahiri ulipoletwa 2005, neno igizodhima, yaani mwanafunzi kuigiza nafasi ya mtu fulani ili ajifunze, limejaa katika maandalio ya somo. Mwalimu huandika igizodhima, bunguabongo (wanafunzi kutoa mawazo ya papo kwa papo) na majadiliano ya vikundi katika safu ya mbinu, lakini ukiingia darasani unamkuta anasoma kitabu kwa sauti na watoto wanamalizia neno la mwisho la kila sentensi. Kwa hiyo tatizo letu si ruhusa, ruhusa ipo. Tatizo ni kwamba mwalimu mwenyewe, chuoni, alifundishwa maana ya igizodhima kwa njia ya mhadhara.

La pili linahusu historia ya kazi hii nchini, ambayo vijana wengi hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika vijiji, Malya mkoani Mwanza kikiwa kimojawapo. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa mjini. Walikaa na wanakijiji wakatafuta tatizo linalowasumbua, likiwemo la mimba za wasichana, wakalichambua, wakatunga pamoja kwa ngoma na michezo ya pale pale, wakaonyesha, kisha wakajadili. Kutoka kwenye mwelekeo huohuo ukazaliwa mpango wa Tuseme mwaka 1996, uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema matatizo yanayowazuia kusoma.

Somo ninalolichukua humo ni moja. Katika kazi zile, majadiliano ya baada ya onyesho hayakuwa nyongeza ya kuagana; onyesho lilitengenezwa ili majadiliano yawezekane. Walimu wetu wengi wakimaliza igizo wanasema tuwapigie makofi, kisha kengele inalia. Mimi ningekuwa bado kazini, ningemwambia mwalimu apunguze igizo liwe dakika 10 na aache dakika 20 za kuhojiana, na waigizaji waendelee kukaa katika nafasi zao wakati wanaulizwa. Mtoto akiulizwa akiwa bado ni mtemi, hujibu kwa hoja za mtemi, na hapo ndipo utajua kama ameielewa mada au ameifurahia tu.

Mwanafunzi wa Ualimu, Mwaka wa Tatu

Shikamoo mzee wetu, na shikamooni walimu wangu.

Naomba nichangie kidogo kwa upande wa utafiti. Mwaka 2000 mtafiti Ann Podlozny alichapisha mapitio yaliyounganisha tafiti 80 kuhusu maigizo darasani, na yalionyesha kwamba watoto wanaoigiza hadithi huielewa na kuikumbuka zaidi, na hunufaika katika stadi kadhaa za lugha, zikiwemo za kuzungumza na za maandalizi ya kusoma. Faida hiyo ilionekana hata kwa hadithi ambazo hawakuziigiza, ingawa ilikuwa kubwa zaidi kwa zile walizoziigiza. Ninaona ni vyema tukumbuke kwamba mapitio hayo yalihusu stadi za lugha. Tusiyachukue tukayapachika kwenye Hisabati kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa.

Muuguzi wa Mpwapwa

Nimefurahi kuona mjadala wenye adabu, na ninaomba niweke maonyo mawili, moja la Sayansi na moja la maadili.

La Sayansi nimelishuhudia katika kampeni za malaria. Mtoto anavaa mdomo wa karatasi, anajiita mbu, anatangaza kwamba amekuja kuua watu kwa sababu anawachukia. Hadhira inacheka, ujumbe wa chandarua unafika, na wote wanaridhika. Lakini ukimuuliza mtoto wiki moja baadaye kwa nini mbu anauma, anakujibu kwamba ni mbaya. Hasemi kwamba ni jike la anofelesi linalohitaji damu ili mayai yake yakomae, wala hasemi kwamba mbu hazaliwi na vimelea bali huvipata kwa kumuuma mtu aliye navyo. Sanaa inapenda kumpa kila mhusika nia, na Sayansi inahusu vitu vingi visivyo na nia yoyote. Nisingependa mvua, mizizi na vimelea vifundishwe kama watu wenye visasi.

La pili ni zito zaidi. Tunaposema sanaa za jadi za Wagogo, tukumbuke kwamba baadhi ya nyimbo na ngoma zina mizizi katika unyago na ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma walikuwa wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara, na sheria inayokataza jambo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18 ipo tangu 1998. Muheme ni ngoma ya wanawake, na inavutia mno. Wanaipiga wakiwa wameibana katikati ya mapaja, na leo inasikika hadharani katika sherehe na matamasha. Hata hivyo mwalimu mgeni, aliyepangiwa kazi hapa kutoka mkoa mwingine na asiyejua Kigogo, anaweza kuuleta darasani wimbo ambao maneno yake yanamsifu binti aliyepitia kisu, bila yeye mwenyewe kujua anachokiimbisha. Nani atachuja?

Mwana Kondoa

Nakubaliana na dada yangu muuguzi, na naongeza swali ambalo mleta uzi amelipita haraka. Jadi ya nani? Mkoa huu si wa Wagogo peke yao. Huku kwetu kuna Warangi, kuna Wasandawe, na michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, inatukumbusha kwamba watu walikuwa wakisimulia mambo yao hapa zamani mno. Tena, tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, darasa moja la mjini lina mtoto wa Mhaya, wa Mpare, wa Mmakonde na wa Mzaramo. Ukileta wimbo wa Kigogo pale, umewafundisha watoto kumi na umewafanya wengine wote kuwa watalii.

Mwalimu wa Bahi (mleta uzi)

Ninawashukuru wote, na nitajibu kwa kuunganisha.

Ndugu wa Kondoa, ndiyo maana nilianza kwa kutofautisha mavazi na mpangilio. Kuitikiana, kujibizana na hadhira kuingilia havimilikiwi na kabila lolote. Mtoto wa Kimakonde na wa Kihaya wote wamekulia kwenye kitendawili na tega. Mjini ningetumia Kiswahili na mpangilio huo, na ningemwacha kila mtoto alete kiitikio cha nyumbani kwao. Kijijini, ambako Kigogo ndiyo lugha ya kwanza ya karibu darasa zima, ningeanza na wimbo wa pale kisha nihamie Kiswahili cha kitabu, na ninaamini hata somo la Kiswahili lenyewe lingefaidika.

Muuguzi, kuhusu nyimbo, nisingemwachia mwalimu peke yake kazi ya kuchuja, wala afisa wa ofisini. Wazee wa kike wenyewe wanajua vizuri kabisa ni upi wimbo wa ndani na upi wa hadharani, na ukiwauliza kwa heshima wanakwambia. Ila ningetaka mtu wa afya na mwanakamati wa shule wakae katika kikao hicho, maneno ya kila wimbo yaandikwe na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na wimbo ambao mtu ataona haya kuutafsiri usiingie darasani.

Kuhusu mbu mwenye chuki, umesema kweli tupu, na kanuni ninayoichukua kwako ni kwamba kisicho na nia kisipewe kinywa. Watoto wanaweza kuonyesha yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili kwa miili tu, bila kusema, huku kundi la wasimulizi likieleza kinachotokea na hadhira ikiwasimamisha pale wanapokosea mpangilio. Pia zipo mada za Sayansi ambazo chombo chenyewe kinatosha bila mhusika yeyote. Marimba ya Kigogo, ile ambayo mwanamuziki hayati Hukwe Zawose aliisikilizisha dunia, ina vijiti vya chuma vilivyobanwa juu ya sanduku la mbao. Ukikisukuma kijiti ndani ili sehemu inayotikisika iwe fupi, sauti inapanda. Ukikivuta nje, inashuka. Kwenye tundu la sanduku mafundi hubandika utando wa buibui, nao hutetemeka na kutoa ule mlio wa kukwaruza unaofuata kila noti. Mtoto akiugusa ule utando kwa ncha ya kidole, sauti hubadilika hapo hapo, na mada ya mtetemo imefundishika bila mchoro. (Natoka kidogo nje ya maigizo hapa, najua, lakini inaniuma kuona tunachora uma wa sauti ubaoni wakati marimba ipo nyumba ya pili.)

Mzee wetu, ushauri wako wa kuwahoji waigizaji wakiwa bado katika nafasi zao nimeujaribu kwa namna fulani katika Historia, na ninaona ndiko unakofaa kuliko kwingine. Njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, ambayo wazee wanaiita Mtunya, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanahistoria wamekadiria kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Watoto wanakwenda kwanza kuuliza nyumbani walichosimuliwa mababu zao. Kisha tunaigiza kaya moja tu, usiku mmoja, ikiwa na debe moja la uwele lililobaki. Baba ameshachukuliwa upagazi. Bibi anataka lihifadhiwe kwa mbegu, mama anataka lipikwe, kijana anataka libadilishwe kwa mbuzi kabla bei haijapanda. Simwambii yeyote jibu, kwa sababu halipo. Hadhira inawahoji wakiwa wamekaa pale pale kwenye mkeka, na mzee aliyealikwa anasahihisha wanapokosea, kwa mfano anapowaeleza kwamba watu walikula mizizi na matunda ya porini muda mrefu kabla ya kuugusa uwele wa mbegu.

Hisabati Kwanza

Nimekubali zaidi ya nilivyotegemea. Bado nina swali la fedha, kwa sababu mawazo mengi mazuri hufia hapo. Huyo mzee anayekuja kusahihisha analipwa na nani? Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake hakuna kifungu cha msanii wa kijiji.

Mthibiti Ubora Mstaafu

Mwanangu, hapo umegusa penyewe. Nimewahi kuona shule ikimwita mpiga zeze kutwa nzima na kumrudisha nyumbani na soda, huku mwezeshaji wa semina kutoka mjini akilipwa posho na nauli. Hiyo ni dharau, na wazee wanaihisi. Kama kamati ya shule haiwezi kumlipa mara kwa mara, basi ialike mara chache na ilipe vizuri, na mipango hiyo iingie kwenye azimio la kazi mwanzoni mwa muhula ili mzee mmoja ahudumie madarasa mawili au matatu kwa siku hiyo. Chamwino wana kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Kigogo linalokusanya vikundi vya vijiji. Walimu wa wilaya za jirani wakienda pale kwa lengo la kujifunza, watarudi na mbinu watakazoweza kuzitumia wenyewe siku ambazo mzee hayupo.

Hisabati Kwanza

Nashukuru, mzee. Basi muhula ujao nitaanza na lile la makofi, kwa kuwa halina gharama. Nina mikondo miwili ya darasa la tano. Mkondo mmoja nitaufundisha kwa makofi kabla ya vigawo tasa, mwingine nitaufundisha kama kawaida, kisha wote nitawapa jaribio moja la maswali ya aina ya mtihani, lisilotaja ngoma wala makofi. Nitaleta majibu hapa, yawe ya kunifurahisha au ya kuniudhi. Nafikiria kuanza na 3 na 4 ili iwe rahisi.

Mwalimu wa Bahi (mleta uzi)

Usianze na 3 na 4, mwalimu. Zinakutana kwenye 12, ambayo ndiyo zao la kuzizidisha, kwa hiyo mtoto aliyezoea kuzidisha tu ataona amepatia na utakuwa umemthibitishia kosa lake. Anza na 4 na 6, kisha 6 na 9 zinazokutana kwenye 18. Zile 3 na 4 zilete mwishoni, wakishazoea kusikia kukutana mapema, ili waulize wenyewe kwa nini hizi zimechelewa. Na mkondo usiopigiwa makofi uwape siku nyingine baada ya jaribio, maana watasikia kelele za wenzao ukutani na watadai haki yao.